Sumu Isiyozeeka: Mabaki ya Dhahabu Kahama na Swali la Mahali Salama

Utangulizi

Katika kijiji kimoja cha Kahama, mama mmoja mzee aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu. Kisima chake kilikuwa chini ya mteremko, na juu yake palikuwa na rundo la marudio, yaani mchanga uliokwisha kusagwa makarashani na kuoshwa kwa zebaki. "Baba Mchungaji," alisema, "maji haya yalipimwa mara moja tu, wakati wa kiangazi, tukaambiwa ni mazuri. Je, na masika? Na wajukuu wangu je?"

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba swali la mama huyo ndilo lile lile ambalo mataifa yenye vinu vya nyuklia yamejiuliza kwa zaidi ya nusu karne: mtu achague vipi mahali pa kuweka sumu, hali hana hakika ya yatakayotokea baada yake?

Jinsi mabaki yalivyorundikana

Mgodi wa kikoloni wa Geita ulianza katika miaka ya 1930, ukafungwa mwaka 1966. Dhahabu ilikwenda, mawe yaliyosagwa yakabaki. Baadaye wachimbaji wadogo walimiminika Bulyanhulu, wilayani Kahama, hata serikali ilipowaamuru kuondoka Agosti 1996. Mwaka 2001 mgodi mkubwa ulifunguliwa mahali hapo. Buzwagi, karibu na mji wa Kahama, ulifuata mwaka 2009, ukamaliza uzalishaji mwaka 2021. Mgodi huo ulizalisha kwa miaka 12 hivi. Mabaki yake hayana mwaka wa kumalizika.

Hapa tunapaswa kupambanua. Sayanaidi, itumikayo kutenga dhahabu na mwamba, huvunjika polepole kwa jua na hewa. Zebaki na aseniki si hivyo, kwa kuwa ni elementi, na elementi haiozi. Aseniki imo katika miamba mingi yenye dhahabu, na watafiti wameikuta katika maji ya sehemu za Geita na Mara. Watu huogopa mabaki ya nyuklia kwa sababu hudumu mno: plutoniamu-239 hupungua nusu kila baada ya miaka 24,000 hivi. Lakini hata hiyo hupungua. Aseniki iliyomo katika rundo la marudio haipungui kamwe. Huhama tu, na mara nyingi huhama pamoja na maji.

Mafunzo kutoka Ujerumani na Finland

Ujerumani ilichagua mgodi wa zamani wa chumvi uitwao Asse. Kati ya 1967 na 1978 mapipa kama 126,000 ya mabaki ya mionzi yaliwekwa humo, kwa kuaminiwa kwamba chumvi iliyokaa kavu kwa mamilioni ya miaka itaendelea kukaa kavu. Lakini binadamu alikuwa amekwisha kuutoboa mwamba huo kwa kuchimba chumvi. Tangu 1988 maji yamekuwa yakiingia, na sheria ya mwaka 2013 iliagiza mapipa hayo yatolewe, kazi ngumu kuliko ile ya kuyaingiza.

Finland ilikwenda kwa njia nyingine. Wataalamu wake hawakudai kuwa wanajua yote. Walipanga vizuizi kadhaa, kimoja nyuma ya kingine: chombo cha shaba, udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa, kisha mwamba mgumu zaidi ya mita 400 chini ya ardhi. Kimoja kikishindwa, kingine kipo. Tena, kwa sheria yao, halmashauri ya mahali ilikuwa na haki ya kukataa. Halmashauri ya Eurajoki ilikubali mwaka 2000, na Bunge likathibitisha mwaka 2001.

Tofauti ya mataifa haya mawili haikuwa elimu. Kule Asse, kutojua kulifichwa ndani ya tumaini moja. Kule Finland, kutojua kuliandikwa na kuwekewa akiba.

Aina tatu za kutojua

Kwanza, kuna tusilolijua kwa sababu hatujapima. Dawa yake ni kuchimba visima vya uchunguzi, kufuata mkondo wa maji ya ardhini, na kupima kila majira. Mama yule aliona sawasawa: kipimo kimoja cha kiangazi hakisemi neno juu ya masika.

Pili, kuna tusilolijua kwa sababu halijatokea. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilizidi mazoea ya wengi. Bwawa lililojengwa kwa kipimo cha mvua ya kawaida huwa salama hadi siku ile isiyo ya kawaida. Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la topesumu la mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, ulipasuka, na tope likafunika mashamba na nyumba za vijiji jirani. Twashukuru kwamba hakuna aliyekufa, na kwamba uchenjuaji wa almasi hautumii sayanaidi. Kule Brumadinho nchini Brazili, tarehe 25 Januari 2019, watu 270 walipoteza maisha, ijapokuwa wakaguzi walikuwa wametoa cheti cha uthabiti wa bwawa miezi michache kabla. Cheti hakikuondoa shaka; kiliwanyamazisha tu waliokuwa nayo.

Tatu, kuna tusilolijua kuhusu watu wenyewe. Ni nani atakayelinda ukuta kampuni ikiisha kuondoka? Ni nani atakayekumbuka kwamba kiwanja hiki kilikuwa mwalo wa kuoshea dhahabu, asije akajenga nyumba juu yake? Sheria ya Madini ya 2010 inawataka wenye migodi waweke dhamana ya kurekebisha ardhi. Hilo ni jema. Lakini marundo mengi ya marudio hayana mwenyewe anayejulikana, wala ramani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata juu ya zebaki mwaka 2020. Hata hivyo, zebaki iliyokwisha kumwagwa haisomi mkataba.

Hitimisho

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika jambo hili ufa wa kwanza haumo katika ukuta wa bwawa, bali katika neno "salama" linapotamkwa bila kueleza: salama kwa kipimo gani, kwa muda gani, na kwa nani. Historia haituonyeshi mahali pasipo shaka yo yote. Inatuonyesha kwamba shaka haipotei kwa kutotajwa. Huhamishwa tu kutoka kwa mwenye faida kwenda kwa mwenye kisima.

Basi lipo jambo lililo ndani ya uwezo wetu. Rundo lisiwekwe juu ya kisima pakiwapo mahali pengine. Vipimo vya maji, pamoja na tarehe zake na yale yasiyopimwa, visomwe katika mkutano mkuu wa kijiji. Mahali pa mialo ya zamani paandikwe wakati wazee wanaopakumbuka wangali hai. Mama yule hakuniomba hakika. Aliomba kuambiwa ukweli wote, hata ule usiojulikana bado, kabla ya kutumbukiza ndoo yake.