Gladioli: Ua la Vilima Vyetu Lililokwenda Ulaya na Kurudi

Huenda msomaji wa jarida letu akajiuliza idara ya Kiswahili ina haja gani na maua. Haja tunayo. Katika somo la tafsiri, wanafunzi walipewa matini fupi kuhusu kilimo cha maua ya kuuza, na walipofika kwenye jina gladioli wengi wao waliandika "ua la Kizungu". Ni tafsiri inayoeleweka. Ua hilo tunaliona madukani hapa Kampala, kwenye madhabahu siku za arusi na kwenye mashada ya mazishi, na aghalabu mbegu yake imenunuliwa kutoka Uholanzi. Hata hivyo, kihistoria tafsiri hiyo si sahihi, na katika makala haya tunakusudia kueleza kwa nini.

Tuanze na ukoo wa mmea wenyewe. Gladioli ni jamaa wa irisi, yale maua ya Ulaya, Asia na Marekani ambayo wapenda bustani huyasifu sana. Irisi zenyewe hazioti porini kusini mwa Sahara. Lakini familia inayobeba jina la irisi ina makao yake makubwa hapa barani Afrika, na jenasi ya gladioli ni mojawapo ya matawi yake makubwa. Ina spishi zaidi ya 250. Nyingi mno zinapatikana Afrika Kusini, makumi kadhaa ziko katika Afrika ya tropiki, na chache tu zimevuka hadi nchi za Mediterania na Asia ya Magharibi. Jina ni la Kilatini na maana yake ni upanga mdogo, kwa sababu ya majani yake marefu yaliyochongoka.

Spishi inayotuhusu zaidi ni ile ambayo wataalamu wa mimea huiita Gladiolus dalenii. Hii imeenea kuliko zote: kuanzia Afrika Kusini hadi Ethiopia, kuvuka magharibi hadi Senegal, tena iko Madagaska na hata upande wa magharibi wa Bara Arabu. Uganda ipo, Rwanda na Burundi ipo, Kongo, Kenya na Tanzania ipo. Huota kwenye nyika zenye nyasi, kwenye miteremko ya mawe na pembezoni mwa misitu ya miti michache. Wakati wa kiangazi huoni kitu, kwa kuwa mmea umejificha chini ya ardhi katika kiazi cha mviringo kinachofanana na kitunguu. Moto ukipita na kuteketeza nyasi, kiazi hakidhuriki. Mvua zikianza, majani huchomoza, kisha bua lenye maua yaliyopangana upande mmoja.

Rangi zake si za aina moja. Mahali pengine ni nyekundu ya kuiva na koo la manjano, pengine ni manjano matupu, pengine kijani chenye madoa ya kahawia ambacho mpita njia anaweza asikitambue kuwa ni ua. Petali ya juu imejikunja mbele kama kofia na kufunika stameni. Ndege aina ya chozi hufuata asali ndani ya ua na kuondoka na chavua kichwani. Ukilinganisha na gladioli ya dukani, yenye maua makubwa yaliyofunguka na kujazana juu ya bua moja, hili la porini ni dogo na limejitunza. Sisi tunaliona ni zuri zaidi, ingawa tunajua wauzaji wa maua hawatatuunga mkono.

Sasa safari yenyewe. Gladioli za kwanza kuzalishwa kwa kuchanganya spishi za Afrika zilitokea Uingereza mwanzoni mwa karne ya 19. Mwaka 1823 kitalu cha James Colville huko Chelsea, London, kilikuwa na chotara wa spishi mbili za Rasi. Hizo zilikuwa ndogo na hazikubadilisha mambo sana. Badiliko kubwa lilikuja mwaka 1841. Mwaka huo Louis van Houtte, mwenye kitalu katika mji wa Ghent nchini Ubelgiji, alianza kuuza chotara aliyezalishwa na Bedinghaus, mtunza bustani wa Mtawala wa Aremberg. Chotara huyo aliitwa gandavensis, kutokana na jina la Kilatini la mji wa Ghent. Mzazi wake mmoja alikuwa ua letu, ambalo wakati ule lilijulikana kwa jina la psittacinus, yaani lenye rangi za kasuku. Kuhusu mzazi wa pili palizuka ubishi. Van Houtte alitaja spishi moja nyekundu ya Rasi, naye William Herbert, kasisi wa Kiingereza aliyekuwa bingwa wa kuchanganya mimea, akasema haiwezekani, mzazi ni spishi nyingine iitwayo oppositiflorus. Wataalamu wa baadaye wameegemea upande wa Herbert.

Kutoka kwa gandavensis yakatoka maelfu. Souchet alimwendeleza huko Fontainebleau, Ufaransa. Victor Lemoine wa Nancy akaongeza damu ya spishi nyingine za kusini mwa Afrika. Biashara ikavuka bahari hadi Marekani. Hatutafuata majina yote hayo. Linalotuvutia ni tukio moja lililoanzia karibu na kwetu.

Katika miaka ya 1880 kulikuwa na mmishonari Mwingereza aitwaye Joseph Thomas Last katika kituo cha Mamboya, milima ya Usagara, katika mkoa wa Morogoro wa leo. Wanaisimu wanamfahamu. Mwaka 1885 alichapisha kitabu cha Polyglotta Africana Orientalis, mkusanyiko wa maneno na sentensi 250 katika lugha na lahaja 48 za Afrika Mashariki. Mwaka uliofuata akatoa sarufi ya Kikaguru. Mtu huyo huyo alikuwa pia akikusanya mimea na kuipeleka Uingereza katika bustani ya Kew. Miongoni mwa aliyoyapeleka lilikuwa ua la gladioli la manjano laini lisilo na doa, kutoka Usagara. Mwaka 1890 J. G. Baker wa Kew akalitangaza kuwa spishi mpya na kuliita primulinus.

Hapo ndipo mtu wa lugha anaposimama kidogo. Primulinus maana yake ni "kama primula", nayo primula ni ua la manjano la majira ya kuchipua huko Ulaya. Ua la Usagara, lililotumwa na mtu aliyetumia miaka akiandika maneno ya wenyeji, likaingia vitabuni likiwa limefananishwa na ua ambalo hakuna Mkaguru aliyekuwa amelitia machoni. Hatumlaumu Baker peke yake, kwa sababu utaratibu wa kutoa majina ya Kilatini ndivyo ulivyokuwa na kwa kiasi kikubwa ndivyo ulivyo. Jina dalenii lenyewe, lililotolewa mwaka 1828, ni la heshima ya Cornelius Dalen, mkuu wa bustani ya mimea ya Rotterdam. Jamaa yake mwingine, ua jeupe lenye harufu nzuri usiku na shingo ndefu inayofaa ulimi wa nondo, linaota kutoka Ethiopia hadi Malawi na Msumbiji, nalo linaitwa murielae kwa ajili ya Muriel Erskine, mke wa konseli wa Kiingereza huko Ethiopia.

Ua la Last halikupata umaarufu mara moja. Lilingoja hadi mwanzoni mwa miaka ya 1900, reli ilipokaribia maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, ambayo wakoloni waliyaita Victoria, katika mto Zambezi. Katika msitu unaolowa daima kwa manyunyu ya maporomoko, wahandisi wa daraja la reli waliliona ua hilo la manjano. Viazi vyake vilifikishwa kwa mhandisi Francis Fox huko Uingereza, vikachanua, na watu wakalipa ua jina lenye maana ya Msichana wa Ukungu. Ile petali ya juu iliyojikunja kama kofia ilielezwa kuwa ni mwavuli wa kukinga chavua isilowe. Ni maelezo mazuri, ila tukumbuke kwamba kofia hiyo hiyo inaonekana kwenye gladioli za nyika kavu zisizojua maporomoko. Daraja lilikamilika mwaka 1905, na kufikia wakati huo watunza bustani walikuwa wameanza kazi yao.

Walichokipata kiligeuza biashara. Gladioli za bustani kabla ya hapo zilikuwa nyekundu, waridi na nyeupe. Primulinus alileta manjano safi, rangi ya chungwa na ya embe bivu, na kundi zima la gladioli zenye bua jembamba na maua madogo yenye kofia. Marekani, A. E. Kunderd wa Goshen, Indiana, aliyejulikana kwa gladioli zenye petali za mikunjo, naye aliitumia damu hiyo.

Kisha ikaja hukumu ya wanasayansi. Peter Goldblatt, aliyezichunguza gladioli za Afrika ya tropiki kwa miaka mingi na kuchapisha kitabu chake mwaka 1996, aliuweka primulinus ndani ya dalenii. Si spishi mbili. Ni ua moja lenye sura nyingi, hata idadi ya kromosomu hutofautiana kati ya mahali na mahali: 30, 60 au 90. Maana yake ni kwamba watunza bustani wa Ulaya walirudi kwenye kisima kile kile mara mbili, mwaka 1841 na tena zaidi ya miaka 60 baadaye, wakidhani wamegundua kisima kipya. Gladioli ya kawaida inayouzwa leo ina kromosomu 60, na ina wazazi kadhaa wa kusini mwa Afrika, lakini dalenii yumo kwa njia zote mbili. Mwanafunzi aliyeandika "ua la Kizungu" alikuwa akimwita mgeni mtoto wa nyumbani aliyevaa nguo za ng'ambo.

Je, wenyeji walilijua ua hili? Walilijua na wanalijua, japo si kwa ajili ya kupamba meza. Kusini mwa Kongo imeandikwa kuwa viazi vyake huliwa baada ya kuchemshwa na kulowekwa kwenye maji. Kamerun waganga wa jadi hukitumia kiazi kutibu kifafa, na watafiti wa huko wamekijaribu katika maabara kwa panya. Lesotho ni dawa ya mafua na tumbo la kuhara. Maarifa kama haya hukaa ndani ya jina: mzee anayelijua jina hujua pia linachimbwa lini na linachemshwa vipi, na jina likisahauliwa hayo mengine hufuata.

Kuna jambo jingine zito. Viazi vilivyochukuliwa karne mbili zilizopita havikulipiwa chochote, wala hakuna sheria iliyodai. Siku hizi ipo Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa mwaka 2010 na kuanza kufanya kazi mwaka 2014, inayotaka anayetumia mimea ya nchi fulani na maarifa ya wenyeji agawane nao faida. Lakini huwezi kudai sehemu yako katika kitu ambacho hata kamusi yako inakiita cha mgeni. Ndiyo maana tunasema kazi hii ni ya watu wa lugha pia, si ya wanabotania peke yao.

Wapo watakaopendekeza tuunde istilahi mara moja, "ua-upanga" kwa mfano. Tunashauri subira. Kuunda neno kabla ya kuuliza yaliyopo ni kurudia alichofanya Baker. Neno gladioli litumike kwa la dukani, nalo la porini litafutiwe majina yake katika lugha zetu kwanza.

Kwa msomaji atakayependa kulipanda, tunasihi asiling'oe kilimani. Kiazi kimoja kikichimbwa huenda kikaoza kwenye bustani yenye tope, na mahali kilipotoka pakabaki tupu. Afadhali mbegu. Tunda likikauka hupasuka na kutoa mbegu nyepesi zenye bawa jembamba. Chukua chache, uache nyingine zipeperuke. Zipande juu juu kwenye udongo usiotuamisha maji, mahali penye jua. Mwaka wa kwanza utaona majani kama nyasi tu, na maua huchukua miaka miwili au mitatu. Majani yakikauka acha kumwagilia, maana mmea umelala. Vilevile chunguza kama majani yana vipele vya rangi ya chungwa. Huo ni ugonjwa wa kutu, wenye asili Afrika, ambao nao ulisafiri: ulifika Ulaya katika miaka ya 1960 na Marekani mwaka 2006, na huko wakulima waling'oa mashamba kuuzuia.

Wanafunzi watakaokwenda likizo vijijini tunawaomba wachukue daftari. Wamwonyeshe mzee ua lenyewe au picha yake, wala wasimtajie jina lolote kwanza. Waandike jina kama linavyotamkwa, pamoja na toni ikiwa lugha ina toni, mahali, tarehe, rangi ya ua, na kama kuna jina tofauti la kiazi. Waulize ni nani aliyemfundisha mzee huyo jina hilo. Karatasi zipokelewe ofisi ya idara kabla ya wiki ya pili ya muhula.