Kabla ya eksirei, ulizwa unafanya kazi gani

Ukitoka Dar kwa njia ya Pugu unaingia Kisarawe, kwenye vilima vyenye udongo mweupe, kaolini. Yale mapango ya popo ambayo watu huenda kuyatazama Pugu ni machimbo ya zamani ya udongo huo. Ukishika barabara ya Morogoro unafika Kibaha, mji uliounganisha malori na kubangua korosho kiwandani tangu enzi za Mwalimu, na leo una viwanda vingi zaidi.

Kote huko watu wanakula mkate wao ndani ya vumbi. Swali langu leo ni hili: mmoja wao akianza kukohoa, daktari atajuaje kama ni kazi iliyomuumiza?

Jibu lina zaidi ya miaka 300. Mwaka 1700, daktari Bernardino Ramazzini wa Italia alitoa kitabu kuhusu magonjwa ya wafanyakazi. Aliwaambia madaktari wenzake waongeze swali moja kwa kila mgonjwa: unafanya kazi gani? Aliwaandika hata wachambuaji wa kitani na katani, waliokohoa kwa vumbi la nyuzi.

Basi sogea hapa kwetu. Mkonge uliletwa Tanganyika na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, ukaenea Tanga, Morogoro na Pwani. Tumesimuliwa sana habari za manamba na korona, lakini chumba cha brashi, nyuzi kavu zinaposuguliwa na vumbi kutanda, hakitajwi. Mwaka 1978 watafiti, akiwemo K. Y. Mustafa, walichapisha katika jarida la tiba la Uingereza matokeo ya kuwapima wafanyakazi wa mkonge wa Tanzania. Walikuta bisinosisi, na watu wa brashi waliathirika kuliko wasokotaji.

Ugonjwa huu una ujanja wake. Kifua hubana siku ya kwanza ya kurudi kazini baada ya mapumziko, kisha hupoa kadiri wiki inavyokwenda. Eksirei haina alama yake maalumu. Unaupata kwa kuuliza, na kwa kumpulizisha mtu kwenye kipimo cha pumzi kabla ya zamu na baada ya zamu. Daktari asiyeuliza habari za Jumatatu ataandika pumu, na mgonjwa atarudi kwenye vumbi lile lile.

Vumbi la mawe ni kinyume chake. Kaolini ya Pugu imo ndani ya mawe ya mchanga, yenye silika. Silika laini ikiingia ndani kabisa ya mapafu huacha makovu, na makovu hayo yanaonekana kwenye eksirei. Tatizo ni kwamba yanafanana na kifua kikuu. Isitoshe, silikosisi yenyewe humfanya mtu apate kifua kikuu kwa urahisi, kwa hiyo anaweza kuwa na vyote viwili! Mtu anaweza kumeza dawa za miezi sita, makohozi yakawa safi, na pumzi ikabaki fupi. Na huchukua miaka, mara nyingi zaidi ya kumi, kujitokeza. Ndiyo maana kuuliza kazi ya leo hakutoshi. Aliyechimba akiwa kijana huenda sasa anauza duka.

Jamani, hili si suala la kitaalamu tu. Tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, inayodai wafanyakazi wapimwe afya. Tuna Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008, na mfuko wake ulianza kazi mwaka 2015. Lakini mfuko hulipa ugonjwa uliotokana na kazi. Cheti kikiandikwa "kifua kikuu" au "pumu" bila neno kuhusu kazi, familia itadai kwa kutumia nini?

Mashine tunazihitaji, sikatai. Ila swali la Ramazzini ni bure, na linaweza kuulizwa kuanzia zahanati ya kijijini Kisarawe mpaka hospitali ya Tumbi pale Kibaha. Wewe, mara ya mwisho ulipokwenda na kikohozi, uliulizwa?