Usingizi katika upasuaji wa moyo kwa roboti

UPASUAJI wa moyo wa kufungua kifua ulianza katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2008, na tangu 2015 unafanywa na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI). Kabla ya hapo wagonjwa waliopata nafasi, wakiwamo wa Kinondoni na Temeke, walipelekwa nje, hasa India.

Ughaibuni, hatua nyingine ilipigwa Mei 1998, pale Profesa Alain Carpentier wa Paris alipotengeneza vali ya moyo kwa msaada wa roboti. Roboti hiyo haijiendeshi: daktari huketi pembeni akiongoza mikono yake, ambayo huingia kifuani kupitia matundu madogo, bila kupasua mfupa.

Anayetajwa mara chache ni mtaalamu wa usingizi, ingawa kwake kazi huongezeka. Ili roboti ipate nafasi, pafu moja husimamishwa. Mrija wenye njia mbili hupitishwa kooni, mgonjwa akapumulishwa kwa pafu lililobaki, na gesi ya kabonidayoksaidi hujazwa upande wa pili. Gesi ikizidi, moyo hubanwa na shinikizo la damu hushuka. Oksijeni nayo yaweza kupungua, kwani damu fulani huendelea kupita katika pafu lisilopumua.

Mikono ya roboti ikishaingia mwilini, mgonjwa akitikisika hata kidogo aweza kujeruhiwa. Dawa ya kulegeza misuli haitakiwi kuisha nguvu. Tena moyo ukisimama ghafla, daktari hawezi kuushika, na roboti lazima iondolewe kwanza. Ndiyo maana pedi za kushtua moyo kwa umeme hubandikwa kwenye ngozi kabla ya mgonjwa kufunikwa shuka.

Moyo wenyewe hutazamwa kwa kipimo cha mawimbi ya sauti kinachopitishwa kwenye umio. Humo huonekana kama mirija ya mashine ya moyo na mapafu, inayopitia kinena na shingo, imefika mahali pake, na baadaye kama vali bado inavuja.

Wazee bado huuita usingizi huu nusu kaputi, na wapo wanaouogopa kuliko kisu. Mgonjwa wa Mbagala au Tegeta, hata kwa upasuaji wa kawaida, hutakiwa kutaja dawa zote anazotumia, za mitishamba zikiwamo, maana baadhi huzuia damu kuganda. Akiamka, maumivu ya mbavu hupunguzwa kwa ganzi ili aweze kukohoa na kupumua kwa kina.