Via ferata ya Giovanni Lipella

Via ferata ya Giovanni Lipella ni njia ya kupandia mlima iliyofungwa waya nene za chuma na vyuma vya kukanyagia kwenye ukuta wa kaskazini-magharibi wa Tofana di Rozes, kilele chenye mita 3,225 juu ya mji wa Cortina d'Ampezzo, kaskazini mwa Italia. Imepewa jina la askari wa Italia wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Ni miongoni mwa njia ndefu za aina yake katika milima ya Dolomiti, ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2009.

Anayeitazama kutoka chini hudhani kwamba ugumu wote uko ukutani. Sivyo. Katika vipimo vya Austria, vinavyoanzia A kwa njia nyepesi, Lipella hupewa C, na ziko njia nyingi za Dolomiti zinazohitaji mikono yenye nguvu zaidi. Wazoefu huiheshimu kwa sababu nyingine: ni ndefu, inatazama upande usio na jua asubuhi, na waya zake humalizika wakati mlima haujamalizika.

Vifaa vyenyewe ni vichache. Mpandaji huvaa kofia ngumu na mshipi wa kiunoni unaoshika na mapaja. Kwenye mshipi hufungwa mikia miwili ya utepe imara, kila mmoja ukiwa na karabina mwishoni, yaani pete ya chuma yenye mlango unaofunguka na kujifunga, na karabina zote mbili hushikishwa kwenye waya. Kila baada ya mita chache waya hushikiliwa na nanga, chuma kilichochomekwa ndani ya mwamba, na hapo karabina hukwama. Mpandaji hutoa moja, huivusha nanga, huifunga, ndipo huigusa ya pili. Kitendo hicho hurudiwa saa baada ya saa, vidole vikiwa vimechoka na glovu zimelowa, lakini kamwe karabina zote mbili haziachi waya kwa wakati mmoja. Kati ya nanga na nanga huwa mtu mmoja tu, kwa kuwa akianguka wa juu humzoa aliye chini yake.

Kuanguka kwenye via ferata ni jambo baya kuliko wengi wanavyofikiri. Mtu akiponyoka mahali palipo wima, karabina huteleza pamoja naye hadi nanga iliyo chini. Anaweza kushuka mita tano kabla ya kuzuiwa, na kinachomzuia ni utepe wa mita moja hivi usionyumbulika. Nguvu ya mshtuko huo ingetosha kuvunja uti wa mgongo. Kwa sababu hiyo, baina ya mshipi na mikia hukaa kijifuko chenye utepe uliokunjwa na kushonwa kwa mishono inayochanika taratibu mzigo unapoongezeka, kazi ileile ya shokapu kwenye gari. Mwaka 2012 mpandaji mmoja alifariki huko Tirol, Austria, mikia yake yote miwili ilipokatika. Ilionekana kuwa matumizi ya mara kwa mara yalikuwa yamedhoofisha utepe, na watengenezaji kadhaa wakarudisha vifaa vyao kutoka sokoni. Kiwango cha Ulaya EN 958, kilichorekebishwa mwaka 2017, kinataka kifaa kimfae mtu wa kilo 40 hadi 120. Mtoto mwepesi kuliko hapo hufungwa kamba na mtu mzima anayemtangulia.

Safari huanza katika kibanda cha wapanda milima cha Dibona, na sehemu yake ya kwanza ni handaki. Hapa historia ya mlima huu inamgusa mpandaji mwilini, kwa sababu ngazi anazopanda gizani, akimulika kwa taa ya kichwani, zimo ndani ya shimo lililochimbwa ili kuua watu.

Italia iliingia vitani dhidi ya Austria-Hungaria mwezi Mei 1915, na mpaka wa mapigano ukapita juu ya vilele hivi. Jenerali Antonio Cantore wa Italia aliuawa kwa risasi chini ya Tofana mwezi Julai mwaka huo. Askari wa Austria walikuwa wameshika Castelletto, kichuguu cha mwamba kilichochomoza pembeni mwa Tofana di Rozes, na kutoka hapo walizuia njia ya kuingia bonde la Travenanzes. Kila shambulio la Waitalia lilishindwa. Wakaamua kupita ndani ya jiwe. Wakiongozwa na luteni Luigi Malvezzi na Eugenio Tissi, walichimba kwa miezi kadhaa handaki la takriban mita 500, nao Waaustria waliokuwa juu wakisikia mashine zikikaribia chini ya miguu yao. Alfajiri ya tarehe 11 Julai 1916 tani 35 za baruti zililipuliwa, mfalme Vittorio Emanuele III akitazama kwa mbali. Castelletto ikapasuka. Hata hivyo Waitalia waliotumwa kuiteka walikumbana na gesi ya sumu iliyobaki mahandakini na mawe yaliyoendelea kuporomoka. Miongoni mwa Waaustria walionusurika alikuwemo kamanda wao kijana, Hans Schneeberger, ambaye baadaye alikuwa mpigapicha maarufu wa sinema. Alishiriki kupiga filamu ya Der blaue Engel ya mwaka 1930.

Baada ya handaki, njia hupita chini ya ukuta wa magharibi hadi waya za Lipella zinapoanza. Kutoka hapo mwamba hupanda kwa matabaka: ukuta mfupi wima, kisha ukingo mwembamba wa kutembea kwa tahadhari, kisha ukuta tena. Kwenye kimo cha takriban mita 2,700 kuna mahali paitwapo Tre Dita. Hapa ndipo uamuzi wa siku hufanywa, kwa kuwa njia hugawanyika na mtu anaweza kuelekea kibanda cha Giussani bila kwenda kileleni. Aliyechoka, aliyechelewa au anayeona mawingu meusi hana sababu ya kuona haya kuishika njia hiyo. Radi hufuata chuma, na mbele kuna mamia ya mita za chuma.

Sehemu ya juu ndiyo ngumu zaidi. Ukuta hujipinda kama bakuli, maji ya theluji hutiririka juu ya waya, na usiku wa baridi huyagandisha yakawa utando wa barafu usioonekana vizuri. Hata mwezi Julai hali hiyo hutokea. Waya hufikia mwisho kwenye ukingo wa mlima, juu kidogo ya mita 3,000. Zilizobaki, takriban mita 200 za kimo, ni za changarawe na mawe yaliyolegea, na mtu huzipanda kwa miguu bila chochote cha kujishikiza.

Paul Grohmann wa Vienna alifika kileleni mwaka 1864 pamoja na waongozaji wa Ampezzo kwa upande ulio mpole. Upande huohuo ndio wa kushukia leo: njia yenye alama za rangi inayoteremka hadi Giussani, kisha Dibona. Ukungu ukishuka alama hizo hupotea machoni kirahisi, na mawe yanayosukumwa na miguu ya walio juu huwafikia walio chini, kwa hiyo kofia ngumu haivuliwi mpaka kibandani.