Jarida la Jackie na Malezi ya Msichana Nchini Uingereza, 1964–1993

Majarida ya wasichana nchini Uingereza aghalabu yamehukumiwa kwa kipimo kimoja, yaani kiasi cha uwazi wao katika mambo ya ngono. Historia ya Jackie yaonyesha kwamba lililo zito zaidi ni kujua nani hutenda na nani hutendewa katika sentensi za jarida.

Jackie lilianza kutolewa na kampuni ya D. C. Thomson ya Dundee, Januari 1964. Kufikia 1976 liliuza nakala zaidi ya 600,000 kwa wiki. Hadithi zake za picha zilijaa mapenzi, ila ngono haikutajwa. Mwaka 1974 dawa za kuzuia mimba zilipoanza kutolewa bure katika huduma ya afya ya taifa, jarida lilifungua safu ya maswali kwa daktari. Mwiko ulilegea; sarufi ya hadithi haikubadilika. Mvulana aliendelea kuchagua na kuacha, msichana kuchaguliwa na kuachwa. Uchambuzi wa Angela McRobbie wa mwaka 1978 ulibainisha kwamba msichana alifunzwa kumngoja mvulana na kumshuku msichana mwenziwe. Hivyo msomaji alielezwa mwili wake bila kupewa maneno ya kusema "nataka" wala "sitaki".

Mabadiliko yalidhihirika katika Just Seventeen, lililoanza mwaka 1983. Hadithi za mapenzi zilipisha muziki, mavazi na ushauri wa waziwazi, na msichana akaanza kuwa kiima cha sentensi. McRobbie mwenyewe, katika kitabu cha mwaka 1991, alikiri kwamba wasomaji hawamezi kila waandikiwalo. Jackie lilifungwa mwaka 1993. Hata hivyo, mwaka 1996 mbunge Peter Luff alipeleka Bungeni mswada wa kutaka majarida hayo yaonyeshe umri wa wasomaji wanaofaa. Uwazi ndio uliotiwa hofu. Unyonge uliofunzwa kwa miaka mingi haukuwahi kutungiwa mswada.

Kwa mwanaisimu wa Kiswahili, jambo hili si la kigeni. Katika matumizi yaliyozoeleka mwanamume huoa na mwanamke huolewa, na anayegeuza kauli hiyo huchekwa. Kwa hiyo mwandishi wa Kiswahili awaandikiaye wasichana hana budi kuchunguza vitenzi vyake kabla ya kuchunguza miiko yake. Maana ushauri ulio wazi, ukiandikwa wote katika kauli ya kutendwa, bado humwacha msichana akingoja.