Mizoga Iliyo Ndani ya Boma

Vitabu vya historia tulivyovitumia kwa miaka mingi vilikuwa na desturi moja katika kueleza habari za ngome. Vilitaja mwaka ilipojengwa, unene wa kuta zake, idadi ya mizinga na jina la jemadari, kisha vikatuambia nani alishinda. Maji waliyokunywa watu wa ndani, mahali walipochinjia, na yaliyofanyiwa maiti katika miezi yote ya kuzingirwa, hayo vitabu havikuyagusa. Mimi nilisomea ualimu chuoni, nikafundisha historia hadi nikastaafu nikiwa mwalimu mkuu, na wanafunzi wadadisi waliniuliza habari ya maiti zaidi ya mara moja. Maelezo marefu kuliko yote niliyowahi kuyaona juu ya jambo hilo nimeyakuta mahali ambapo wazee wenzangu hawatazami, yaani katika mchezo wa kompyuta.

Mchezo wenyewe unaitwa Dwarf Fortress, maana yake ngome ya vibete. Vibete hao ni wale wa hadithi za Ulaya ya Kaskazini, watu wafupi wenye ndevu wanaochimba madini chini ya milima. Uliundwa na ndugu wawili wa Marekani, Tarn Adams na Zach Adams, walioanza kazi hiyo mwaka 2002 na kuutoa kwa watu bila malipo mwezi Agosti 2006. Tarn ana shahada ya udaktari wa hisabati, lakini aliacha kazi ya chuo kikuu akaishi kwa michango ya waliopenda mchezo wake. Kwa miaka 16 mchezo haukuwa na picha. Kila kitu kilionyeshwa kwa herufi na alama, ukuta kwa alama, mnyama kwa herufi, na mchezaji alijaza mengine kwa akili yake, kama asikilizaye hadithi gizani. Picha zilikuja Desemba 2022, ulipoanza kuuzwa. Hata kabla ya hapo, Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York yalikuwa yameuingiza katika mkusanyiko wake mwaka 2012.

Mchezaji huanza na vibete saba, mkokoteni, wanyama wa kuukokota na vyakula kidogo. Hamwendeshi kibete yeyote kwa mkono wake. Anatoa amri kwamba pachimbwe hapa, pajengwe ukuta pale, kisha kila kibete hutenda kwa jinsi alivyo, mvivu kwa uvivu wake na mwenye huzuni kwa huzuni yake. Wakikosa pombe kazi yao huzorota. Juu ya hilo, kama mwalimu mkuu mstaafu, sitasema neno.

Lakini lililonivuta mimi ni kwamba kabla vibete hawajafika, kompyuta hutunga kwanza ulimwengu wote pamoja na historia yake. Falme huinuka na kuanguka, watu huzaliwa, hupigana vita na kufa, miaka mia kadhaa ikapita, na yote huandikwa yakaweza kusomwa. Ngome ya mchezaji ni ukurasa mmoja katika kitabu hicho. Wala hakuna kushinda. Ngome yoyote, ikichezwa muda mrefu vya kutosha, ina njia zake za kuanguka, na wachezaji wenyewe wana msemo kwamba kushindwa ndiyo raha ya mchezo huu.

Mwezi Februari 2012 ndugu wale waliongeza kitu kipya, wafu waamkao. Sisi tuna neno msukule, lakini msukule wetu ni mtu, tena ana mwenyewe anayemtuma shambani usiku. Katika mchezo huu wapo wachawi wenye kufufua maiti na kuzituma vitani, na pia zipo nchi zilizolaaniwa, ambako kila kilichokufa huweza kuamka bila kutumwa na yeyote. Ukijenga huko, adui wako wa kwanza ni wanyama. Swala, dubu na mbwa mwitu waliokwisha kufa hutembea msituni wakitafuta chochote kilicho hai.

Mjukuu wangu, kijana wa kidato cha tano, alijenga huko kwa makusudi. Likizo iliyopita nilikaa naye jioni kadhaa nikimtazama. Alifanya kama vitabu vyetu vilivyofundisha. Alichimba handaki, akainua ukuta, akaweka daraja la kuinuliwa, na wanyama wafu wakabaki nje.

"Babu, hapa hawapiti," akasema.

Nikamuuliza, "Machinjio yako yako wapi?"

Yalikuwa katikati ya ngome, karibu na jiko, kama mpangaji yeyote mwenye busara angeyaweka. Majira ya baridi yalipoingia alichinja wale wanyama waliokokota mkokoteni. Nyama ikaenda jikoni, mifupa ikapangwa, ngozi ikasubiri fundi ambaye alikuwa amelala. Usiku ule ngozi ikaamka. Sina neno jingine la kueleza. Ngozi tupu, isiyo na nyama wala mfupa, ilimvamia mchinjaji, na mchinjaji alipokufa naye akaamka. Ukuta ulikuwa mzima, daraja limeinuliwa, na kifo kimo chumbani. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee wetu. Hapa nguo yenyewe ndiyo iliyokula.

Msomaji anaweza kucheka, nami nilicheka. Lakini nilipokwisha kucheka niliona jinsi waundaji wa mchezo walivyogeuza kanuni za vita vya ngome zote pamoja. Katika vita vya kweli anayezingira naye hula, hunywa, huugua na hufiwa. Ngome nyingi ziliokoka kwa kuwa walioko nje walichoka kwanza. Mnyama mfu hali, hachoki, na ukimtumbukiza majini hafi kwa kukosa pumzi. Ukimkata kwa upanga umejiongezea kazi, kwa maana kichwa kilichotengana na mwili kinaweza kuinuka peke yake. Silaha iliyo bora ni nyundo, itwangayo mpaka pasibaki kitu cha kuamka. Mzoga uliokwisha kutulia haufai kuachwa. Hubebwa ukatupwa katika lava, au huwekwa chini ya daraja zito likashushwa juu yake, likauangamiza kabisa. Basi ulinzi wa ngome ukawa kazi ya wabeba mizoga. Askari wa lango alisifiwa, lakini ngome ilisimama kwa mtu aliyepeleka ngozi kwa fundi siku ileile.

Je, haikuwa hivyo pia katika ngome za kweli? Mji wa Kaffa, katika pwani ya Crimea, ulikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wa Genoa ulipozingirwa na Wamongoli wa Jani Beg. Mwaka 1346 tauni ililiingia jeshi lililozingira, na mwandishi Gabriele de' Mussi anaeleza kwamba waliwarusha wafu wao ndani ya mji kwa mitambo ya kutupia mawe. De' Mussi hakuwapo, na wanahistoria wanabishana juu ya maneno yake. Mimi natazama tu kwamba katika simulizi hilo ukuta haukubomolewa popote.

Karibu zaidi na sisi kuna Ngome ya Yesu, Mombasa. Waarabu wa Omani waliizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Darasani tuliandika ubaoni "Waarabu waliwashinda Wareno", tukapiga mstari. Lakini maradhi yaliua watu ndani ya kuta kuliko mizinga. Ulifika wakati, katika mwaka 1697, Wareno wa kikosi cha mwanzo walikuwa wamekwisha, na ngome ikashikwa na Daud, mtu wa ukoo wa kifalme wa Faza, pamoja na jamaa zake wachache, Waafrika wachache wanaume, na wanawake wapatao 50. Meli za msaada zilipokuja, ngome ya Wareno ilikuwa ikilindwa na watu wasio Wareno. Wanawake wale 50 ndio ninaowafikiria kila nionapo picha ya zile kuta. Bila shaka kuna aliyewabeba waliokufa, na aliyechota maji, na aliyepika kilichobaki, na sioni ni nani mwingine angekuwa. Majina yao hayamo katika kitabu chochote nilichofundishia.

Kuna sheria nyingine ya mchezo ambayo mjukuu wangu alinieleza kama jambo dogo. Kibete akifa na mwili wake usizikwe, huweza kurudi kama mzimu akasumbua walio hai. Dawa yake ni jeneza. Lakini kama mwili haupatikani, umeungua katika lava au umeliwa, si lazima uupate. Inatosha kuchonga jina lake katika bamba la jiwe na kulisimamisha mahali. Mzimu hutulia.

Nilimwomba arudie maelezo hayo.

Babu yangu mzaa baba alichukuliwa kutoka Ugogo mwaka 1917 kubeba mizigo ya vita. Nyumbani waliachiwa njaa ile iitwayo Mtunya. Yeye hakurudi, wala hakuna aliyekuja kusema alianguka wapi. Baba yangu hakuwa na kaburi la kufagia. Neno Kariakoo, ambalo watu wa Dar es Salaam hulitaja kila siku wakienda kununua vitunguu, ni jina la kikosi cha wachukuzi hao lililotamkwa kwa ulimi wetu. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Nao walikuwa wabebaji. Jeshi lilikula kwa vichwa vyao na mabega yao.

Wenzangu husema michezo hii inapoteza muda wa vijana, na kwa michezo mingine sina ubishi. Ila huu unamdai kijana hesabu ya kila aliyekufa, mkubwa na mdogo, na ukimkosea mbeba maji, mbeba maji atarudi kuuliza. Mimi sikuwahi kupata mtaala wenye sharti kama hilo.

Nilimtajia mjukuu wangu jina la babu yangu, na majina ya wawili waliochukuliwa pamoja naye kwa kadiri baba alivyoyakumbuka. Hakuniuliza ya nini. Aliyaandika nyuma ya daftari lake la jiografia, akauliza jina la pili lina herufi h au halina, kisha akarudi kwenye ngome yake. Alikuwa ameyahamisha machinjio nje ya ukuta, karibu na daraja, na vibete sita hawakuwa na kazi nyingine ila kubeba mizoga. Nilimshauri wachinjaji nao awape nyundo.