Mtoto Wako Anasoma Nini Chuoni Wiki Hii?

Sifa zote njema zinamstahikia Allah, Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Wazazi wengi wa Unguja na Pemba tukiwauliza mtoto amefika wapi chuoni, hutujibu: "Yuko juzuu amma," au "Maalimu wake ndiye anayejua." Jibu hilo halitoshi. Mtoto anaweza kuisoma Suratul-Balad kwa sauti nzuri mbele ya wageni, lakini ukimfunulia msahafu ukamwekea kidole katikati ya aya, asijue hilo ni neno gani. Huyo ameihifadhi kwa sikio tu, kusoma bado hajajua. Masomo ya skuli yakimzidi akaacha chuo, zile sura zitamtoka moja moja, na hatokuwa na njia ya kuzirudia mwenyewe.

Allah ametuamrisha katika Suratut-Tahrim tujikinge na moto sisi na watu wetu wa nyumbani, na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Kumpeleka mtoto chuoni na kumlipia ada ni sehemu ya uchunga huo, na kujua anachosomeshwa ni sehemu yake pia. Kwa hivyo hapa tunaeleza hatua anazopitia mtoto mdogo chuoni, na namna mzazi anavyoweza kumfuatilia kila wiki, hata kama mzazi mwenyewe hakujaaliwa kusoma.

Hatua ya kwanza: herufi

Mtoto huanza na herufi 28 za Kiarabu, nazo huwa 29 kwa wanaoihesabu hamza peke yake. Nyingi zimetofautiana kwa nukta tu: ب ina nukta moja chini, ت mbili juu, ث tatu juu. Kwa hiyo wiki za mwanzo kazi kubwa ni ya macho.

Kazi ya pili ni ya ulimi. Mtoto wetu ana bahati, kwa sababu Kiswahili chake tayari kina sauti za "thamani", "dhahabu" na "ghali". Panapomshinda ni kwenye herufi zinazokaribiana: ح na ه, ق na ك, ص na س, ط na ت, pamoja na ع, ambayo hugeuka ikawa alifu. Hilo si jambo dogo. Kwa Kiarabu "qalb" kwa ق ni moyo, na "kalb" kwa ك ni mbwa.

Hatua ya pili: irabu na kuendeleza

Hapa huingia fat-ha, kasra, dhumma, sukuni, tanwini na shadda. Mtoto huendeleza herufi moja moja: bee kwa fat-ha "ba", kwa kasra "bi", kwa dhumma "bu".

Kisha herufi huunganishwa, na hapa ndipo wengi hukwama. Herufi aliyoizoea ikiwa peke yake hubadilika umbo ikiwa mwanzo, katikati au mwisho wa neno. Herufi sita, yaani ا د ذ ر ز و, haziungani kabisa na inayozifuata. Mtoto anayeharakishwa kuvuka hatua hii ndiye ambaye baadaye husoma kwa sikio. Maalimu akikwambia mtoto atabaki hapo wiki nne zaidi, usione amecheleweshwa. Mshukuru.

Hatua ya tatu: Al-Faatiha na juzuu amma

Juzuu ya 30 ina sura 37, kuanzia An-Nabai hadi An-Naas. Watoto wetu huisoma kutokea mwisho, kwa sababu sura za mwisho ni fupi na ndizo za kusalia. Kwa wiki mtoto mdogo huongezewa sehemu ndogo tu, aya chache au sura fupi kama Al-Kauthar yenye aya tatu, na siku nyingine hudurusu alizopita. Asiyedurusu hupoteza huku anaongeza.

Suratul-Faatiha ina hukumu yake. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu visiwani tunayafuata, kuisoma ni nguzo ya sala, na mafakihi wamezihesabu shadda zake kuwa ni 14 pamoja na za Bismillahi. Mtoto anayesema "iyaka" bila ya kuitilia nguvu yee amepunguza herufi katika nguzo. Tumrekebishe angali mdogo, maana ulimi uliozoea kosa kwa miaka 20 ni mgumu kurudi.

Hatua ya nne: dini na adabu

Sambamba na Qur'ani, mtoto husomeshwa nguzo tano za Uislamu, nguzo sita za imani, udhu, sala na dua za kila siku. Vyuo vingi hutumia Safinatun-Najaa, kitabu kidogo cha fiqhi ya Kishafi, ambacho hutaja faradhi sita za udhu: nia, kuosha uso, kuosha mikono hadi vifundoni, kupaka maji sehemu ya kichwa, kuosha miguu hadi kwenye vifundo vyake, na kufuata mpango huo.

Kutaja faradhi sita na kutawadha ni mambo mawili. Mtazame mtoto wako akiwa kwenye ndoo au bombani. Kama visigino vinabaki vikavu, somo hilo halijamalizika.

Namna ya kumfuatilia kila wiki

Ratiba hutofautiana chuo na chuo, lakini vingi hupumzika Ijumaa. Usiku wa kuamkia siku hiyo, baada ya Magharibi, tenga robo saa kwa mambo haya.

Kwanza, muulize wiki hii amesoma kutoka wapi hadi wapi, akuoneshe kwa kidole. Andika katika daftari tarehe na mahali alipofika.

Pili, mwekee kidole kwenye neno la katikati ya mstari, akusomee. Kisha akusomee lililo kabla yake, kisha la kabla ya hilo. Anayejua kusoma atakwenda pole pole lakini atafika. Aliyehifadhi kwa sikio atalazimika kuanza mwanzo wa sura na kukimbia hadi alifikie neno. Jambo hili mzazi asiyesoma naye ataliona.

Tatu, muombe akusomee sura moja ya zamani.

Nne, mara moja kwa mwezi, nenda ukamuone maalimu uso kwa uso. Muulize: mtoto yuko hatua gani, herufi zipi zinamshinda, anadurusu lini, na nyumbani tufanye nini? Nenda kwa heshima, si kwa kumkagua. Maalimu mwenye watoto wengi barazani hufurahi kupata mzazi wa kumsaidia.

Tunayoulizwa sana

Je, mtoto mdogo lazima awe na udhu ndipo aushike msahafu au juzuu yake?

Kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafi, mtoto aliyefikia umri wa kupambanua hazuiwi kuushika kwa ajili ya kusoma, kwa sababu ni taabu kwake kuwa na udhu kila mara. Kumzoesha udhu ni bora, lakini asikose darsa kwa sababu hiyo.

Mwanangu ni mzito wa kusoma na wenzake wanamcheka. Nimtoe?

Usimtoe. Katika hadithi ya Bibi Aisha (r.a.) iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) ameeleza kuwa anayeisoma Qur'ani kwa kubabaika na kwa taabu ana ujira mara mbili. Mwambie mtoto maneno hayo, na zungumza na maalimu ampe somo fupi zaidi.

Je, akikosea apigwe?

Anas bin Malik (r.a.) alimtumikia Mtume (S.A.W.) miaka kumi tangu udogo wake, na ametuhadithia kuwa hakuwahi kuguniwa naye. Kupiga usoni kumekatazwa katika hadithi sahihi. Mtoto aliyekosea herufi anahitaji kurudiwa herufi, si kuogopeshwa. Mzazi akiona alama mwilini, au mtoto akiogopa ghafla kwenda chuoni, asinyamaze. Amuone maalimu, na wenye kusimamia chuo ikibidi.

Mimi mwenyewe sijui kusoma. Naona haya mbele ya mwanangu.

Ujira wa mara mbili uliotajwa unakuhusu na wewe pia. Kaa naye kwenye mkeka, akufundishe alichofundishwa wiki hiyo. Mtume (S.A.W.) amesema kuwa walio bora katika sisi ni wenye kujifunza Qur'ani na kuifundisha. Mtoto anayemsomesha mama yake alifu na bee amekuwa mwanafunzi na mwalimu kwa pamoja, na hakuna namna bora kuliko hiyo ya kujua wiki hii amesoma nini.

Tunamuomba Allah awatilie baraka walimu wetu na awafanye watoto wetu kitulizo cha macho yetu.

Wallahu a'lam.